Tulikwenda Kumtia Moyo Mzazi, Tukala Wali Wake

Wanangu mnaoanza ukunga, na ninyi kina mama vijana wa kanisani mliochaguliwa kutembelea wazazi, nina neno nanyi. Sitalisema kwa upole. Upole niliokuwa nao niliutumia wote kazini.

Mkiingia kwa mzazi, mtu aliyejifungua juzi, macho yamezama, ziwa moja limevimba, nywele hazijaona kitana, msimwambie kwamba mtoto ni baraka. Anajua. Aliyembeba miezi tisa ni yeye, si ninyi. Mwambieni, "Lete huyo nimshike, wewe kaoge." Akishaoga na kula, ndipo mseme habari za Mungu, tena kwa ufupi, maana usingizi utakuwa unamchukua, na huo usingizi nao umetoka kwa Mungu.

Nilikuwa mkunga miaka thelathini na mitatu kwenye pwani hii ya kaskazini mwa Msumbiji, Quionga kwanza, kisha Palma mpaka nilipostaafu. Mimi si mtu wa hapa. Nimezaliwa juu, kwenye uwanda wa Wamakonde, katika nyumba ya Wakristo. Nikasomea ukunga Pemba, mji wa huku kwetu, si kile kisiwa, nikashushwa Quionga na sanduku la bati na cheti. Kiburi kilikuja chenyewe, hakikuhitaji kubebwa.

Wanawake wa pwani wana desturi yao. Mzazi hukaa ndani siku arobaini. Mwanamke mtu mzima huja kila asubuhi kumkanda: anachemsha maji yenye majani, anachovya kitambaa, anakamua, anamkandamiza tumbo, mgongo na nyonga. Kisha anamfunga tumbo kwa mkaja, anampa uji wenye pilipili manga, anamwambia lala. Wiki yangu ya pili Quionga niliitiwa binti aliyekandwa kwa maji ya moto mno, tumbo limetoka malengelenge. Nilimfokea bibi yake mbele ya watu. Tangu siku ile nikapiga marufuku kukandwa kwa kila mzazi aliyepita mikononi mwangu.

Kwa binti yule nilikuwa sahihi. Tabu ni kwamba niliendelea kuwa sahihi miaka ishirini na zaidi, bila kurudi kuangalia. Nilichopaswa kumfundisha bibi yule ni kupima maji kwa kiwiko, basi. Kiganja cha mwanamke aliyezoea kuopoa mihogo sufuriani hakiujui moto. Kiwiko kinaujua. Andikeni hilo kama mna daftari, kisha mfunge daftari mnisikilize.

Gesi ilipogunduliwa chini ya bahari, Palma ilijaa. Walikuja wapimaji, wapishi, madereva, wahubiri, wauza simu, na vijana wa kwetu uwandani waliosikia kwamba kambi inaajiri. Kila wiki kulikuwa na mkutano. Wageni walisimamisha hema, wakapanga viti vya plastiki, wakasema gesi itabadilisha maisha ya mama na mtoto. Mikutano yote waliiweka siku ya kliniki ya watoto. Kina mama wangu walikwenda kukaa kwenye viti, nami nikabaki na mizani inaning'inia tupu. Nilikwenda mara moja kulalamika. Kijana mwenye kipaza sauti akaniuliza kama nina swali.

"Ninalo," nikamwambia. "Gesi yenu itawaka lini? Vyombo vya kuzalishia nachemsha kwa kuni, na kuni naleta mwenyewe kichwani."

Watu wakacheka, yeye akaandika. Nadhani bado anaandika.

Miongoni mwa waliofuata kambi walikuwako Kornelio na mkewe Adelina, watoto wa uwandani, wamefunga ndoa kanisani mwaka mmoja kabla. Walipanga chumba kimoja kwenye ua wa Bi Tima, mjane wa Kiislamu aliyekuwa akiuza mchele na nazi, mwenye ulimi wa kukatia samaki. Kornelio alipata kazi kambini: wiki sita ndani, mbili nje. Alipoingia zile wiki sita, Adelina alibaki na mimba, mkeka, na picha ya Bikira Maria ukutani.

Alijifungua mikononi mwangu, asubuhi, bila shida. Mtoto wa kiume, kilo tatu na robo, analia kama anadai nafasi. Wakamwita Anselmo. Kornelio alipewa ruhusa ya siku moja. Akaja amevaa viatu vikubwa vya kambini, akamshika mwanawe kwa ncha za vidole, akaacha kopo la maziwa ya unga, akarudi. Mama yake Adelina alikuwa mgonjwa wa miguu huko uwandani, hawezi kusafiri. Mama mkwe alishakufa. Kwa hiyo binti wa miaka kumi na tisa alikuwa peke yake na kichanga, na hapo ndipo Bi Tima alipokuja maternidade, ndiyo wodi yetu ya wazazi, kunifuata.

"Mama Mkunga," akasema, "huyu mpangaji wangu hana mtu. Nataka kumkanda, nimkalishe arobaini zake. Nimekuja kukwambia kabla, maana najua unavyouma."

"Bi Tima, kukanda nimekataza."

"Umekataza tangu meno yangu yako kamili. Mimi nimewakanda mabinti wangu watano. Umesikia yeyote kaungua?"

"Tena huyu ni Mkristo. Ana watu wake."

Bi Tima akatazama kushoto, akatazama kulia, kama anayewatafuta hao watu. "Haya," akasema. "Wakija niambie niwapishe mlangoni."

Nilimpeleka swali hilo katekista wetu, Simoni, si kwa kutaka ushauri, bali kwa kutaka mtu wa kukubaliana naye. Akakubali upesi. Arobaini ni mambo ya wenzetu, alisema, na sisi tuna chama cha kina mama kinachotembelea wazazi siku ya nane. Hiyo ndiyo desturi yetu, akasema, na mwenyekiti wake ni wewe, mana Veronika. Mana ni dada, kwa wanaosoma hapa wakiwa mbali. Nikaondoka nimeridhika kabisa.

Siku ya nane tukaenda. Tulikuwa ishirini na wawili, kapulana za sare, ndizo khanga zetu, vilemba, ngoma ndogo. Tuliingia uani tunaimba. Ludovina, kiongozi wetu wa nyimbo, hajui wimbo wenye mwisho. Tuliimba, tukasali, nikatoa neno. Neno langu lilikuwa zuri, nasema kweli. Nilisema mtoto ni zawadi, nikasema mama ni udongo wa kwanza anaokanyaga mtoto, nikasema uchungu husahaulika kama mvua ya jana. Wawili walilia. Adelina alitabasamu muda wote, anashika shavu.

Kisha tukakaa. Mnajua jinsi tunavyokaa. Mgeni wa kanisa hafukuzwi na haondoki na njaa. Adelina akamweka mtoto mkekani, akaenda jikoni. Alipika wali wa watu ishirini na wawili, na maharage ya nazi, siku ya nane tangu azae, akiinama kupuliza moto uliokuwa unamkataa. Hakuna aliyeinuka. Ludovina alisema, "Mzazi ana nguvu huyu, Mungu asifiwe." Wali ulikuwa mzuri. Niliomba ukoko. Hilo nalikumbuka kuliko lile neno langu, na linanikera mpaka leo, kwamba niliomba ukoko.

Nikaandika kwenye daftari la chama: Mzazi ana furaha.

Baada ya hapo hakuja kliniki. Wiki ya kwanza nikasema amechoka. Wiki ya pili nikasema yuko kwenye mkutano wa gesi. Ijumaa, mtoto akiwa na siku kumi na tisa, nikachukua mizani na kwenda mwenyewe.

Anselmo alikuwa mapajani kwa Bi Tima, mlangoni pa chumba cha Bi Tima, ananyweshwa kwa kijiko. Nilimwona kabla sijamfungua kitambaa. Mtoto anayepungua huwa na uso wa mzee aliyekumbuka jambo. Nikamtundika kwenye mizani. Kilo mbili na nusu na kidogo.

"Unampa nini?"

"Nampa kilichopo kwenye kopo. Nimekuta mama yake anakiyeyusha kwa maji mengi ili kifike mpaka mumewe atoke. Rangi ya maji ya kuoshea mchele. Sasa mimi nachanganya kama walivyochora, na maji nachemsha. Lakini kopo linaisha kesho, Mama Mkunga."

"Mama yake yuko wapi?"

Akaelekeza kwa kidevu.

Adelina alikuwa amelala chumbani ameelekea ukuta. Maziwa yake yalikuwa yanakauka. Nilimgusa, hana homa. Nikamgeuza. Hakulia, hakukasirika. Alinitazama kama unavyotazama mvua kupitia dirishani.

"Mama, nimempa Bi Tima mtoto," akasema. "Yeye anajua kulea. Jumamosi ya wiki ijayo kuna gari la Mueda, kule kwetu uwandani. Mimi narudi kwa mama."

"Unamwacha mwanao?"

"Akiwa na mimi atakufa. Nikimtazama sioni kitu. Ninyi mlisema nitafurahi."

Sasa, wanangu, nilikuwa na kazi miaka mingi, na nilichofanya ni hiki: nilimwambia asali. Nilimkalisha nikamwambia kwamba hakuna mama anayeacha mtoto, kwamba shetani anatafuta nyumba changa, kwamba ashukuru kwa kuwa wapo wanaolilia mtoto wasimpate. Yote hayo nilimwambia mtu ambaye hajala tangu jana. Aliitikia, "Ndiyo, mama," kwa kila neno, akageukia ukuta.

Walau nilifanya ya kazi. Nilimpeleka yeye na mtoto kwa daktari siku hiyo hiyo, nikanunua na kopo jingine. Hakukuta malaria wala kidonda. Alisema maziwa yanaweza kurudi mtoto akinyonya mara nyingi na mama akila na kulala. Alisema pia kwamba huzuni hiyo ya wazazi ni ugonjwa unaojulikana, hauna aibu, asiachwe peke yake hata saa moja, na nimrudishe kila siku mbili waonwe wote wawili. Shikeni hilo. Na mkimwona mzazi, msimuulize, "Unaendeleaje?" Atawajibu, "Salama." Muulizeni jana alikula nini. Muulizeni alilala mara ngapi, na nani alimbeba mtoto alipolala. Na hata kama mdomo unakuwa mzito, muulizeni wazi kama anawaza kujidhuru au kumwacha mtoto. Hamtampa wazo ambalo hana. Mtampa nafasi ya kulitua.

Bi Tima alimchukua Adelina alale naye chumbani kwake. Mimi nilirudi nyumbani nimekasirika. Nilimkasirikia Kornelio na viatu vyake, nikaikasirikia kambi na wiki zake sita, nikawakasirikia kina mama wa chama. Mtu mmoja tu nilimruka kwenye orodha.

Jumapili nikaenda kanisani na hasira yangu. Simoni alisoma habari ya yule binti wa Nazareti, mjamzito, aliyefunga safari ya milimani kwenda kwa ndugu yake mzee, naye mjamzito. Nimeisikia tangu tumboni kwa mama yangu. Siku zote tunaimba ule wimbo wake na kuishia hapo. Siku hiyo Simoni alisoma mpaka mstari unaofuata, ule unaosema kwamba alikaa huko yapata miezi mitatu.

Miezi mitatu. Hakupeleka neno zuri akarudi. Alikaa. Nani alichota maji miezi mitatu ile? Nani alimshika yule mzee mgongo alipoinama? Bila shaka huyo huyo binti, naye mwenyewe anatapika asubuhi. Na mimi nilikaa saa tatu, nikala wali.

Sikulia kanisani. Nilikasirika zaidi. Kuna watu Mungu huwafariji kwa kuwakumbatia, mimi hunifariji kwa kunikamata.

Jumatatu nilimwomba chefe, mkuu wetu wa kituo, likizo. Miaka yote ile sikuwahi kuomba, akadhani nimefiwa. Nikachukua mkeka wangu, sufuria, mchele, samaki mkavu, nikaenda kwa Bi Tima. Alikuwa anakuna nazi.

"Nimekuja kukaa," nikasema.

"Kukaa wewe, au kukaa na wenzako ishirini?"

"Peke yangu."

"Na kukanda?"

"Utakanda. Maji nitapima mimi."

"Kwa cheti?"

"Kwa kiwiko."

Akaacha kukuna, akanitazama. "Mungu mkubwa," akasema. "Haya, shika mbuzi ya nazi, mimi nikachume majani."

Tuligawana siku. Asubuhi Bi Tima alimkanda. Alisema bismillahi yake, Adelina akafanya ishara ya msalaba, mimi nikachovya kiwiko, na hakuna aliyemsahihisha mwenzake. Maji ya uvuguvugu mgongoni humfanya mwanamke alegee mabega, na mabega yakilegea maziwa nayo hukumbuka njia. Hayo sikuyasoma Pemba. Niliyaona kwenye ua ule, siku ya pili, yalipodondoka yenyewe kwenye kapulana yake. Mtoto tulimweka kifuani pake, ngozi kwa ngozi, anyonye kila alipofungua macho hata kama hapati kitu. Kilichobaki tulikamua kwenye kikombe tukamnywesha kwa kijiko. Kopo halikununuliwa tena. Hayo tuliyaweza kwa sababu daktari alikuwa anampima mtoto, na gramu zilikuwa zinapanda. Zisingepanda, tungerudi kwenye kopo bila aibu, tena lililochanganywa vizuri.

Adelina alikula tulipomwambia ale. Alimnyonyesha mwanawe tulipomwekea mikononi. Akimaliza alimrudisha mikononi mwetu, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani.

Jumanne Simoni alikuja. Alisimama nje ya ua, hataki kuingia, hataki kuondoka.

"Mana Veronika, watu wanasema mzazi wetu anakandwa na mama wa Kiislamu, na wewe uko hapo hapo."

"Watu hao wameleta kuni?"

"Sijui habari za kuni."

"Basi hawajaleta. Uliyotusomea Jumapili unayakumbuka?"

"Nayakumbuka vizuri."

"Mbona mimi ndiye niliyehama nyumba?"

Akakuna kichwa. Si mtu mbaya Simoni, ni mtu wa kusoma kwa sauti tu. Alasiri mke wake alikuja na tita la kuni, akasema ametumwa, akaketi kuosha nepi bila kuulizwa.

Jumatano chama kikaja. Nikawasikia tangu barabarani, Ludovina na ngoma. Nikasimama mlangoni nimeshika mwiko.

"Tumekuja kumtia moyo mzazi," akasema Ludovina.

"Karibuni. Wewe chota maji, kisima kiko pale nyuma. Wewe na wewe, mihogo hii haijamenywa. Mwenye ngoma, igeuze upepetee mchele. Atakayeingia ndani aingie mmoja, asiseme kitu, amkande miguu."

"Na sala?"

"Mtasali mnamenya. Mungu hana tabu na makelele ya visu."

Walinung'unika. Wanne waligeuka na kuondoka, na mmoja hajanisalimia mpaka leo. Waliobaki walifanya kazi, na baadaye kidogo mtu akaanza wimbo wa taratibu, wa kumenyea mihogo, na niliposikia kwamba unamalizika nikajua Ludovina yuko kisimani. Adelina, aliyekuwa ndani, alisema, "Leo wameimba vizuri." Lilikuwa neno lake la kwanza ambalo hatukumuuliza.

Alhamisi, mchana, mtoto amelala, aliniuliza.

"Mama, mtu akisali na moyoni hana kitu, sala inafika?"

Kama angeniuliza mwezi mmoja nyuma, ningempa neno zuri. Nikamwambia ukweli.

"Mimi nasali nimekasirika tangu nilipoolewa. Inafika."

Akatabasamu kidogo, si lile tabasamu la siku ya wali.

Nikamwambia na jingine, ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Binti yangu wa tatu, Jasinta, nilipomzaa, nilimtazama miezi miwili kama mgeni aliyekuja bila taarifa. Nilimnyonyesha, nilimwogesha, sikumpenda. Nilikuwa mkunga, nazalisha wenzangu, nawaambia mtoto ni baraka, kisha narudi nyumbani naogopa kufungua mlango. Nilifikiri Mungu amenitoa kwenye daftari la akina mama. Kila siku nilimwomba aniletee faraja. Akaniletea mama mkwe. Nilikasirika sana. Yule mwanamke alikuwa na mdomo, hajawahi kusifu hata chumvi ya mboga yangu. Lakini kila asubuhi alikuja, akamtwaa Jasinta bila salamu, akasema, "Lala," akamrudisha saa ya kunyonya. Miezi miwili. Hakunihubiria hata mara moja.

"Na ukampenda lini?" akauliza Adelina.

"Sijui siku. Nilijikuta namgombeza mtu aliyemfunga nepi vibaya."

Adelina alikunja nepi moja. Kisha akasema, "Gari la Jumamosi nimeshalisemesha. Dereva ameniwekea nafasi."

Nilitaka kusema maneno mia, yakanijaa mdomoni kama ugali wa moto, nikayameza. Nilimwambia tu kwamba akienda, nitamlinda mwanawe pamoja na Bi Tima, na akirudi atatukuta naye. Nilisema kwa sababu ilikuwa kweli, na kwa sababu mtu aliyefungiwa mlango haoni tena kama anakaa kwa kutaka. Kisha nilitoka nje nikaukasirikia ukuta.

Nisije nikawadanganya: hakupona kwa siku tano. Aliendelea kwenda kwa daktari miezi mingi, na zipo asubuhi, mtoto akiwa tayari anatambaa, ambapo Bi Tima alinitumia salamu kwamba leo njoo. Furaha ya mzazi huja kama maji kwenye kisima cha mchangani, unachota kidogo, unasubiri. Msimwambie mtu afurahi kufikia Jumapili.

Lakini Jumamosi ile ilifika. Tangu alfajiri alikuwa ameshafunga nguo zake kwenye kapulana. Alikandwa, akanyonyesha, akanirudishia Anselmo kama kawaida. Bi Tima alikuwa anasali rakaa ndefu kuliko zote nilizowahi kumwona akisali. Mimi nilikaa uani na beseni, nikaanza kumwogesha mtoto. Nilifanya hivyo kwa sababu mikono yangu ilihitaji kazi. Nimeogesha watoto ambao sasa ni baba za watu. Asubuhi ile sabuni ilinitoka, nikammwagia maji kichwani kabla sijalowesha miguu, mtoto akapiga kelele mpaka kuku wakahama.

Kule barabarani gari la Mueda likapiga honi.

Adelina alikuwa amesimama mlangoni, furushi mkononi. Niliona miguu yake tu, sikuthubutu kuinua macho. Mtoto analia, honi inalia. Miguu ikatoka mlangoni, ikaja, ikasimama mbele ya beseni.

"Mama, unamwogesha vibaya."

"Nini?"

"Huyo hataki maji yaanzie kichwani. Anaanzia miguuni. Na unamshika kama gunia la mihogo."

"Adelina, gari hilo."

"Nimelisikia." Akaweka furushi chini, kwenye tope la maji ya kuogea. Akakunja mikono ya gauni. "Nipe mtoto."

Miaka thelathini na mitatu ya ukunga, na binti aliyekuwa mama kwa siku ishirini na saba ananiambia sijui kuogesha mtoto. Ningekuwa na la kujibu siku nyingine. Nilimpa. Alimshika chini ya kwapa, akamteremsha miguu kwanza, polepole, akimgombeza kwa Kimakonde kwamba anapiga kelele mbele za watu, na Anselmo akanyamaza, akamkodolea macho.

Honi ilipiga mara ya pili, kisha gari likaondoka. Niliinuka nikaenda jikoni. Nilikaa mbele ya mafiga nimenuna, machozi yananitoka na si ya moshi, nikamwambia Mungu asante kwa sauti ya mtu anayegomba.